Mtoto anaelewa kila anachosomewa lakini kusoma mwenyewe kunamshinda: nyumbani tufanye nini, na shuleni tuombe nini?

Mzazi wa darasa la tatu

Salaam kwenu nyote. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 8 na yuko darasa la tatu. Nikimsomea hadithi huifuata mpaka mwisho, hukumbuka nani alisema nini, na mara nyingi hukisia mapema jambo litakalotokea. Anapotakiwa kusoma ukurasa uleule peke yake mambo hubadilika kabisa. Husoma silabi mojamoja kwa taabu, akifika katikati ya neno refu huwa ameshasahau lilivyoanza, na mara kwa mara hudondosha kipande kidogo cha katikati, kiasi kwamba "walituona" hulisoma "waliona" na maana yote ya sentensi ikapotea. Katika imla huchanganya b na d, f na v, na maneno yenye "ng" humshinda karibu kila mara. Hesabu za kichwa anazifanya vizuri, isipokuwa yale mafumbo ya hesabu yaliyoandikwa kwa maneno.

Mwalimu wake wa darasa ni mtu mwema, lakini maelezo kwenye ripoti ni yaleyale kila muhula: ana akili, ila ni mvivu, aongeze bidii. Bidii hiyo tumeiongeza nyumbani hadi kazi za shule zinachukua jioni nzima na kuishia kwa machozi, na siku hizi analalamika kuumwa tumbo asubuhi za siku za masomo, lakini mwisho wa juma haliumi. Sasa shule imependekeza arudie darasa.

Ninaomba kuwauliza walimu na wazazi wenye uzoefu: hizi ni dalili za ugumu wa kujifunza, au amechelewa tu kama watoto wengine wanavyochelewa? Kurudia darasa kutamsaidia? Na ipi hasa ni kazi ya nyumbani, ipi ya shule, kwa sababu naona familia yetu imegeuka kuwa shule ya pili na bado hatuoni matunda? Labda niongeze kwamba mjomba wake, ambaye leo ni fundi anayeaminika sana, naye hakuwahi kusoma kwa ufasaha.

Mwalimu wa elimu maalumu

Ndugu mzazi, maelezo yako yana mambo mengi ya kushika, na hilo la mjomba si dogo, kwa maana ugumu wa kusoma huonekana mara nyingi zaidi ndani ya familia ambayo tayari ina mtu mwenye ugumu huo. Hata hivyo, kabla ya kuufikiria, mpeleke apimwe macho na masikio, hata kama unaamini anasikia vizuri. Watoto wengi hupata majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, na usikivu wao hupanda na kushuka, leo mzuri na wiki ijayo hafifu, bila mtu wa nyumbani kutambua. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuchanganya sauti zinazokaribiana kama f na v kwa sababu tu hazimfikii sawasawa, na tiba yake iko kwa daktari, haiko darasani.

Ikiwa macho na masikio ni mazima, basi picha uliyoichora inafanana sana na disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno kwa usahihi na kwa wepesi, ambao hautokani na uvivu wala upungufu wa akili. Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika katika British Medical Journal kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na akili nyepesi lakini hakuweza kusoma, ambaye mwalimu wake aliona kwamba angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni kama mafundisho yote yangetolewa kwa mdomo. Kwa watoto wengi wa aina hii tatizo liko katika kuzitambua na kuzichezea sauti ndogondogo zinazounda neno, na katika kuziunganisha haraka na herufi zake. Kuchanganya b na d peke yake kusikutishe, kwani ni jambo la kawaida kwa wanaoanza kusoma; linalonifanya niwe makini ni mkusanyiko wa dalili, na pengo lililopo kati ya anachoelewa kwa kusikia na anachoweza kukisoma.

Kuna jambo ambalo walimu wetu wengi hawaambiwi. Maelezo mengi ya disleksia yaliandikwa kwa kuwatazama watoto wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake yana vurugu, na kwa hiyo dalili kuu inayotajwa ni makosa mengi. Katika lugha ambazo herufi na sauti zinakubaliana, kama Kiswahili, Kihispania, Kiitalia au Kifini, mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kuyasoma maneno karibu yote kwa usahihi, lakini akabaki mzito mno, na imla yake ikabaki dhaifu. Mwalimu anayesubiri makosa atasema mtoto huyu anajua kusoma ila hataki kuchangamka. Ndiyo maana ninapompima mtoto ninasikiliza usahihi, kisha ninaangalia pia muda anaotumia na kiasi anachokumbuka akimaliza.

Pia maneno yetu ni marefu na yamebeba mengi. Katika "walituona" kuna watendaji, wakati, watendewa na mzizi wa kitenzi, vyote katika neno moja, na mtoto anayesoma silabi kwa silabi huishiwa nafasi ya kumbukumbu kabla hajafika mwisho. Hivyo silabi peke yake haimtoshi. Mfundisheni kuona vipande vyenye maana: wa-li-tu-ona. Andikeni "waliona", kisha "walituona", kisha "waliwaona" katika mistari mitatu, atafute kilichobadilika, aseme kila sentensi inahusu nani, halafu aziandike mwenyewe. Kwa "ng" ya "ngoma" na "ng'" ya "ng'ombe", fundisheni moja hadi iimarike ndipo mlete ya pili. Zikija pamoja mwanzoni humchanganya zaidi.

Shuleni, omba mafunzo ya kusoma yenye mpangilio: sauti moja baada ya nyingine kutoka nyepesi kwenda ngumu, marudio mengi, mtoto akisikia, akitamka, akiona na akiandika kwa wakati mmoja, katika vipindi vifupi vya kila siku au karibu kila siku, peke yake au na wenzake wachache. Msingi wa njia hii uliwekwa na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham huko Marekani katika miaka ya 1930, na ingawa zipo programu nyingi leo zenye majina tofauti, nguzo zake ni hizohizo. Sambamba na mafunzo hayo, omba aondolewe vizuizi katika masomo mengine: asomewe maswali ya sayansi na ya maarifa ya jamii, ajibu kwa mdomo pale inapowezekana, apewe muda zaidi, asitakiwe kunakili ubao mzima, na asiitwe ghafla kusoma kwa sauti mbele ya darasa.

Kuhusu kurudia darasa, maoni yangu ni ya wazi. Kama mwaka ujao atafundishwa kwa njia ileile iliyomshinda mwaka huu, atakachopata ni mwaka mwingine wa kushindwa, tena mbele ya watoto wadogo kuliko yeye. Waulize kwa upole ni kitu gani hasa kitakachobadilika katika ufundishaji wake. Wakiwa na jibu la kueleweka, mazungumzo yanaweza kuendelea. Wasipokuwa nalo, usikubali.

Mzazi wa kijana mwenye disleksia

Mwalimu amesema vizuri, nami niongeze upande wa nyumbani, maana binti yangu sasa yuko sekondari na tumepita njia hiyohiyo.

Dada au kaka uliyeuliza, punguza kazi za jioni. Ninajua inasikika kama kumwacha mtoto ashuke, lakini mtoto anayesoma kwa taabu ametumia nguvu kubwa darasani kuliko wenzake, na saa ya tatu ya kazi haimfundishi kitu zaidi ya kuchukia daftari. Kubaliana na mwalimu juu ya muda badala ya idadi ya maswali: mtoto afanye kazi kwa bidii kwa muda mliopanga, muda ukiisha mfunge daftari, nawe uandike chini yake "ameishia hapa kwa muda tuliokubaliana". Pale ambapo zoezi linapima uelewa wa sayansi au historia, aseme yeye jibu na uandike wewe, ukieleza hivyo pembeni ili mwalimu asidhani ni mwandiko wake. Zoezi la kuandika lenyewe ndilo afanye kwa mkono wake.

Kusoma nako kugawanye. Sisi tulitumia kusoma kwa pamoja: mzazi na mtoto wanasoma kwa sauti wakati mmoja, kitabu alichokichagua mtoto, kwa mwendo wake. Akijisikia yuko tayari, anagonga meza kidogo nawe unanyamaza, anaendelea mwenyewe. Akikwama, unasubiri sekunde nne au tano, unamtajia neno, analirudia, mnaendelea tena pamoja. Hakuna kumwambia "si tulilisoma jana?" Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha, na siku akiwa hoi, acheni.

Zaidi ya hayo, endelea kumsomea vitabu vilivyo juu ya uwezo wake wa kusoma, na usiache kwa sababu eti amekua. Msamiati na maarifa ya watoto wengine huongezeka kwa kusoma kwao wenyewe. Wa kwetu wakinyimwa vitabu vigumu mpaka waweze kuvisoma, wanaanza kubaki nyuma hata katika mambo ambayo akili yao ingeyamudu bila shida. Vitabu vya kusikiliza vinafaa pia, na si udanganyifu.

Jambo moja ninatofautiana kidogo na wanaosisitiza kwamba kwanza hali ya mtoto ipewe jina rasmi. Tathmini rasmi ni muhimu, hasa shule inapodai karatasi ili itoe muda wa ziada, lakini msaada usisubiri karatasi hiyo. Mahali pengi wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu, na mtoto hakui kwa kasi ya foleni.

Mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha

Ninaunga mkono hilo la kutosubiri, na hata vigezo vya kitaalamu vinakubaliana nalo. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, unaotumiwa na wataalamu wengi wa afya ya akili, unataka, kabla ya kuamua kwamba mtoto ana ugumu wa kujifunza, ugumu huo uwe umedumu kwa angalau miezi 6 licha ya mtoto kupewa msaada uliolenga ugumu huo. Maana yake ni kwamba msaada mzuri ni sehemu ya uchunguzi wenyewe: tunafundisha vizuri, tunaandika anachoweza na kisichomkaa, kisha tunaamua. Shule inayosema "mleteni na cheti ndipo tuanze" imeligeuza jambo kichwa chini miguu juu.

Ninaomba wasomaji wengine wasichukue ushauri uliotolewa hapa kwa kila mtoto anayeshindwa kusoma. Mtoto huyu anaelewa anachosomewa. Yupo mwingine anayesoma maneno kwa ufasaha wa kushangaza lakini ukimuuliza hadithi ilihusu nini hana jibu. Huyo ugumu wake uko katika lugha yenyewe, na kumwongezea mazoezi ya herufi ni kumpotezea wakati, kwani anahitaji msamiati, miundo ya sentensi, na kufundishwa kusimulia. Mwingine hupotea kwa sababu umakini wake haukai. Kwa huyo tunauliza kama hali hiyo ilianza utotoni, kabla ya miaka 12, na kama inaonekana katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni pia, kwa maana mtoto anayehangaika wakati wa kusoma tu huenda anaikimbia kazi inayomuumiza. Hali mbili zinaweza pia kukaa kwa mtoto mmoja, na hutokea mara nyingi. Mtoto mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili au kiziwi ana njia yake nyingine. Kiziwi, kwa mfano, anahitaji lugha ya alama mapema iwezekanavyo, kwa sababu hakuna anayejifunza kusoma vizuri bila kuwa kwanza na lugha kamili kichwani.

Kwa kuwa wazazi wenye wasiwasi huuziwa vitu vingi, niseme pia juu ya miwani ya rangi, karatasi za rangi za kufunika ukurasa na mazoezi ya macho. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, pamoja na vyama vya madaktari wa macho, kilitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa vitu hivyo vinatibu disleksia. Vivyo hivyo lile dai kwamba kila mtoto ni "wa kuona", "wa kusikia" au "wa kushika", na kwamba lazima afundishwe kwa mtindo wake tu, limepimwa mara nyingi na halijathibitika. Fedha na muda huo vielekezwe kwenye kufundishwa kusoma.

Mwalimu wa darasa la kawaida

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba mtu aseme kwa niaba yetu pia. Darasani nina watoto wengi kuliko madawati, muhtasari unanidai nifike mwisho, na mtihani ni mmoja kwa wote. Nikimpa mmoja muda wa ziada na kumsomea maswali, mzazi wa yule wa dawati la pili ataniuliza kwa nini mtoto wake hakusomewa. Kipindi cha kila siku cha mtu mmoja sina pa kukipata. Je, mnaniambia nifanye lipi kwanza?

Mwalimu wa elimu maalumu

Mwalimu mwenzangu, malalamiko yako ni ya haki, na hakuna mzazi anayepaswa kuingia ofisini akidhani mwalimu mmoja atabeba yote. Kipindi cha ziada ni wajibu wa shule kukipanga, kwa kumwandaa mwalimu au msaidizi mmoja ahudumie wenye ugumu unaofanana kutoka madarasa kadhaa. Hilo lipelekwe kwa mwalimu mkuu.

Ukiniuliza la kwanza kwako wewe mwenyewe, nitakutajia yasiyokula muda. Soma kwa sauti kile unachoandika ubaoni unapokiandika. Mpe mtoto nakala ya muhtasari wa ubao, hata ile ya mwenzake. Sahihisha yaliyomo kando na tahajia, alama mbili tofauti, ili jibu sahihi la sayansi lisizame kwa sababu ya "ng". Ukitaka asome mbele ya wenzake, mpe aya hiyo siku moja kabla ajiandae nayo. Utakuta kwamba mengi kati ya haya yanawafaa na wengine waliokaa kimya nyuma ya darasa.

Kuhusu haki, mzazi wa dawati la pili mjibu kwamba mtihani wa sayansi unapima sayansi. Tena hili halikuachwa kwenye huruma ya mwalimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, katika kifungu cha 24 unazitaka nchi zilizouridhia zitoe marekebisho yanayofaa kwa mahitaji ya kila mwanafunzi mwenye ulemavu, na kifungu cha 2 kinahesabu kumnyima marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Namna ya kuomba marekebisho katika mitihani ya taifa hutofautiana nchi kwa nchi, na kwa kawaida maombi hutakiwa mapema sana kabla ya mtihani, hivyo shule isingoje mwaka wa mwisho.

Mzazi wa darasa la tatu

Nawashukuru sana. Nitaanza na masikio na macho, kisha nitaomba kikao na mwalimu wa darasa pamoja na mwalimu mkuu. Badala ya kubishana kama mtoto ni mvivu, nitawapelekea kurasa za imla zake na maelezo ya tunachokiona anaposoma, na nitaomba mambo matatu: mafunzo ya kusoma yenye mpangilio, maswali asomewe, na kazi za nyumbani zipimwe kwa muda. Nitaomba pia tuandike tulichokubaliana, nani atafanya nini, na tarehe ya kukutana tena, kwa sababu ahadi za mdomo hupotea mwalimu anapohamishwa.

Limebaki moja linalonisumbua. Juzi aliniuliza kama yeye ni mjinga. Mtoto wa umri huu aambiwe nini, na kiasi gani?

Mzazi wa kijana mwenye disleksia

Mwambie ukweli kwa kipimo cha umri wake, wala usisubiri tathmini ikamilike, kwa kuwa tayari amejitafutia maelezo yake mwenyewe na ni mabaya kuliko ukweli wowote utakaompa. Sisi tulisema takribani hivi: "Ubongo wako unaelewa mambo haraka, lakini kuziunganisha herufi na sauti kunauchukua muda mrefu kuliko wa watu wengi. Si kosa lako, na si kwamba hujajitahidi. Utafundishwa kwa njia nyingine, itachukua muda, na utaweza." Usimwahidi kwamba itakwisha, maana wepesi kamili huenda usije, na mtoto atakukumbusha. Usimpoze pia kwa kumwambia kwamba kila mwenye disleksia ana kipaji cha ajabu. Msifie kitu ambacho kweli umekiona akikifanya, kama huko kukisia mwisho wa hadithi ulikokueleza.

Kama mjomba wake yuko tayari, waache wazungumze wawili, wewe usikae nao. Ndugu zake waelezeni kwa pamoja ili asichekwe mezani. Ama kuhusu wanafunzi wenzake, muulize yeye kwanza kama anataka wajue, na mwalimu asilitangaze darasani kabla mtoto mwenyewe hajakubali.